Dola Saba za Kikosi cha 54

Wengi wanaokijua Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi waliopigania Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yenye utumwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wanakijua kwa usiku mmoja. Jua lilipokuwa linazama tarehe 18 Julai 1863, kwenye ufukwe mwembamba wa kisiwa cha Morris, mlangoni mwa bandari ya Charleston huko South Carolina, askari weusi wapatao 600 walikimbia mchangani kuelekea ngome iliyoitwa Wagner. Mizinga na bunduki ziliwafyeka. Ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa na wale ambao hawakuonekana tena, walikaribia nusu. Ngome haikutekwa usiku ule, lakini jina la kikosi lilivuma Marekani nzima, na hadi leo kinapotajwa, kinachokumbukwa ni jinsi askari wake walivyokufa.

Mimi nataka wakumbukwe pia, na zaidi, kwa jinsi walivyodai mshahara wao.

Damu ina heshima yake, na mbele ya makaburi hesabu za fedha huonekana jambo dogo. Hata hivyo, kwa takriban miezi 18 askari hawa waliitwa mezani kwa mlipaji wa serikali, wakawekewa dola saba kwa mwezi, na kila mara wakaziacha palepale. Walikuwa na madeni. Wake zao walikuwa wakihangaika. Waliendelea kuchimba mahandaki, kulinda zamu na kupigana bila kupokea hata senti. Sijui tendo jingine la vita vile linalonifanya niwaheshimu askari wa kawaida kiasi hiki.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana linaweza kutupotosha. Kikosi cha 54 kilikuwa kikosi cha askari wa miguu wa kujitolea. Kwetu siku hizi kujitolea kumezoeleka kumaanisha kazi isiyo na malipo, au yenye posho ya nauli tu. Katika Marekani ya karne ya 19, askari wa kujitolea alikuwa mtu aliyejiandikisha kwa hiari yake katika kikosi kilichoundwa na jimbo lake, kisha kikakabidhiwa kwa serikali kuu. Aliweka saini ya miaka mitatu, naye aliahidiwa sare, chakula na mshahara. Kwa askari wa cheo cha chini mshahara huo ulikuwa dola 13 kwa mwezi, na posho ya mavazi juu yake. Ahadi ni deni, na hii ilikuwa ahadi ya maandishi.

Gavana wa Massachusetts, John Andrew, alipata kibali cha kuunda kikosi hiki kutoka kwa Waziri wa Vita Edwin Stanton mwishoni mwa Januari 1863, wiki chache baada ya Rais Abraham Lincoln kutia saini Tangazo la Ukombozi lililofungua mlango kwa watu weusi kuingia jeshini. Mawakala walioandikisha watu waliwaambia kwamba watatendewa kama askari wengine wote wa jimbo. Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani na kuwa msemaji mkubwa kuliko wote wa kupinga utumwa, alizunguka akihimiza vijana wajiandikishe, na wanawe wawili, Lewis na Charles, wakawa miongoni mwa wa kwanza. Massachusetts yenyewe ilikuwa na watu weusi wachache, hivyo wengi walitoka Pennsylvania, New York, Ohio na hata Kanada. Picha iliyojengeka kwamba kikosi kizima kilikuwa cha watumwa waliotoroka si sahihi. Wengi wao walizaliwa huru: wakulima, vinyozi, mabaharia, wahunzi, watumishi wa hoteli. Walijua kusoma mkataba.

Maofisa wote walipaswa kuwa Wazungu, kwa sababu Wizara ya Vita haikukubali mtu mweusi apewe cheo cha ofisa. Kanali alikuwa Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25 kutoka familia tajiri ya Boston iliyopinga utumwa.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa pwani yetu hawezi kulipita. Massachusetts iliyojivunia kupinga utumwa ndiyo iliyokuwa na viwanda vya nguo vilivyosokota pamba ya Kusini, pamba iliyochumwa na watumwa. Sehemu ya kitambaa hicho ilipakiwa kwenye meli za Salem na kuletwa Unguja, ambako Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu mwaka 1833. Hiyo ndiyo merikani, ile nguo nyeupe iliyobebwa na misafara ya wapagazi hadi Tabora na Ujiji, ikatumika kama fedha. Vita vilipozuka na pamba ikakosekana, merikani ikaadimika Unguja na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Babu zetu walivaa jasho la watu wasiolipwa. Shika hilo, kwa sababu suala la kazi isiyolipwa litarudi baadaye katika kisa hiki, tena ndani ya kiapo.

Kikosi kiliondoka Boston kwa meli tarehe 28 Mei 1863, watu zaidi ya 1,000, umati ukishangilia barabarani. Kazi yao ya kwanza haikuwa ya kujivunia. Tarehe 11 Juni waliamriwa na kanali wa kikosi kingine, James Montgomery, kuchoma mji mdogo wa Darien huko Georgia, mji ambao haukuwa ukijitetea. Shaw alichukizwa sana. Tarehe 16 Julai, kisiwani James, walipigana kwa mara ya kwanza hasa, wakawazuia adui muda wa kutosha kuwaokoa askari Wazungu wa Kikosi cha 10 cha Connecticut waliokuwa karibu kuzingirwa. Kisha wakatembea usiku kwenye matope na mvua, wakavushwa kwa mashua, na wakafika kisiwa cha Morris tarehe 18 wakiwa na njaa na usingizi wa siku mbili. Jioni hiyohiyo wakawekwa mstari wa mbele.

Kuhusu Wagner nitasema machache, kwa kuwa mengi yamekwishasemwa. Ngome ilikuwa ya mchanga na magogo ya minazi ya kule, na mchanga humeza risasi za mizinga. Meli na makombora yaliipiga mchana kutwa, lakini askari wake walikuwa wamejificha kwenye mahandaki yaliyofunikwa, wakatoka wazima giza lilipoingia. Upande mmoja kulikuwa na bahari, upande mwingine kinamasi, na njia katikati ilikuwa nyembamba mno. Shaw aliuawa juu ya ukuta. Sajini William Carney, aliyezaliwa mtumwa Virginia, alimwona mbeba bendera akianguka, akaikamata, akapanda nayo, na akarudi nayo akiwa na majeraha kadhaa akisema kwamba haikugusa ardhi. Sajini mwingine, Robert Simmons, alijeruhiwa na kutekwa, akafia mikononi mwa adui mwezi uliofuata. Siku chache tu kabla ya shambulio hilo, mpwa wake wa miaka saba alikuwa ameuawa na wafanya fujo Wazungu mjini New York, waliokuwa wakipinga kuandikishwa jeshini kwa lazima.

Adui alimzika Shaw katika shimo moja na askari wake, akidhani anamfedhehesha. Baba yake Shaw alipoulizwa baadaye kama mwili uhamishwe, alikataa. Alisema mwanawe hana mahali bora pa kulala kuliko kati ya watu wake.

Sasa tuje kwenye dola saba.

Wizara ya Vita ilisema mikono yake imefungwa na sheria ya tarehe 17 Julai 1862. Sheria hiyo ilitungwa wakati watu weusi waliokimbilia kambi za Kaskazini walipokuwa wakitumiwa kuchimba, kupika na kuendesha mikokoteni. Iliweka dola 10 kwa mwezi, tatu kati yake zikatwe kwa ajili ya nguo. Kwa hiyo askari mweusi angebaki na saba. Askari Mzungu wa cheo kilekile alipata 13, na nguo zake hazikukatwa humo. Jambo la kukera zaidi ni kwamba dola 10 hizo hazikuangalia cheo. Sajini mkuu mweusi aliyekuwa na majeraha ya Wagner mwilini alistahili, kwa hesabu za wizara, kulipwa pungufu ya Mzungu aliyejiandikisha jana.

Shaw mwenyewe, wiki mbili kabla ya kufa, alimwandikia Gavana Andrew kwamba kikosi kilipwe kama vikosi vingine vya Massachusetts, la sivyo kivunjwe. Msimamo ulikwishawekwa kabla ya damu ya Wagner kumwagika, wala haukuwa bei iliyopandishwa baada ya ushujaa.

Tarehe 28 Septemba 1863 koplo mmoja wa kikosi hicho, James Henry Gooding, alikaa kisiwani Morris akamwandikia Rais Lincoln barua. Gooding alikuwa baharia wa meli za kuvulia nyangumi za New Bedford, na alikuwa na kawaida ya kuliandikia gazeti la mji huo habari za kikosi. Swali lake kwa rais lilikuwa fupi: je, sisi ni askari, au ni vibarua? Akaeleza kwamba wana silaha kamili, wametimiza kila zamu, na wenzao wamelala chini ya ngome ya Wagner. Tumefanya kazi ya askari, akauliza, kwa nini tusipate mshahara wa askari?

Tazama lugha ya barua hiyo. Gooding haombi huruma. Anauliza cheo chake ni kipi, kwa sababu anajua mshahara ni namna ya serikali kumwita mtu jina. Ukimlipa mtu ujira wa kibarua umemwita kibarua, hata kama umemvalisha sare na kumpigia saluti.

Nina tatizo moja na barua hiyo, na nalisema kwa sababu lina uzito. Sehemu ya hoja ya Gooding ilisimama juu ya tofauti kati ya askari wa 54, ambao wengi walizaliwa huru, na wale waliotoka utumwani moja kwa moja. Sisi hatukuandikwa kwa sheria ile ya watoro, ndivyo alivyosema kwa maana. Kisheria hoja ilikuwa nzuri. Lakini ilikuwa na ufa, na miezi tisa baadaye Bunge la Marekani lilipenya katika ufa huohuo.

Kabla ya hapo lilitokea jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Novemba 1863 bunge la jimbo la Massachusetts, kwa ombi la Gavana Andrew, lilikubali kufidia pengo kutoka hazina ya jimbo. Serikali kuu ingetoa chake, jimbo lingeongeza kilichobaki, na kila askari angepata dola zake 13 kamili. Wajumbe wakaja na habari hiyo njema, na kikosi kikakataa.

Anayedhani ugomvi ulikuwa wa fedha atafakari hapo. Fedha zote zilikuwa mezani. Askari mwenye mke aliyeandika kwamba watoto hawana viatu angeweza kunyoosha mkono. Waliona kwamba wakichukua nyongeza ya jimbo, watakuwa wamekubali mbele ya dunia kwamba thamani yao kwa taifa ni dola saba, na zilizobaki ni sadaka ya watu wema wa Boston. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Hawa walikataa kunyongwa, na wakakataa pia haki yao iitwe zawadi.

Wapo waliowalaumu wakati ule, na lawama yao haikuwa ya kipuuzi. Askari jeshini anakula, analala, ana koti. Anayelipia msimamo wake ni mama aliyebaki nyumbani. Zipo familia zilizotupwa kwenye nyumba za maskini, na kambini barua za kilio zilikuwa zikiingia kila meli ya posta ilipofika. Mimi nisingethubutu kumwambia mama yule kwamba mumewe yuko sahihi. Lakini wanawake wenyewe walisema. Mke wa askari mmoja wa Kikosi cha 55, kikosi ndugu kilichosimama na msimamo huohuo, alimwandikia Gavana Andrew kutoka mji mdogo wa Piqua, Ohio, Septemba 1864. Aliuliza kwa nini waume zao wanasukumiwa dola saba wakati kikosi cha Wazungu kilicho dhaifu kuliko vyote kinapata 16, maana kufikia wakati huo mshahara wa Wazungu ulikwishapandishwa. Hakuuliza kwa nini mumewe hachukui.

Na walipigana huku wamekataa. Tarehe 20 Februari 1864 huko Olustee, Florida, Jenerali Truman Seymour aliliingiza jeshi lake katika mtego wa misonobari akapoteza zaidi ya watu 1,800. Kikosi cha 54 kilikuwa miongoni mwa vilivyobaki nyuma kuwazuia adui ili wengine warudi salama. Inasimuliwa kwamba walipokuwa wakiingia vitani walipiga kelele: kwa Massachusetts na dola saba kwa mwezi! Wakati wa kurudi, garimoshi lililobeba majeruhi likaharibika njiani. Wakatafuta kamba, wakazifunga, wakalivuta kwa mikono, watu ambao hawakuwa wamelipwa tangu wavae sare.

Siku tisa baada ya Olustee, mjini Jacksonville, ambako majeshi yalikuwa yamerudi, Sajini William Walker alipigwa risasi na jeshi lake mwenyewe. Yeye hakuwa wa Kikosi cha 54. Walker alikuwa wa Kikosi cha 3 cha South Carolina, kikosi cha watu waliotoka utumwani. Kosa lake lilikuwa kuwaongoza wenzake kuweka bunduki chini mbele ya hema la kanali, wakisema hawatatumika mpaka walipwe kama askari. Gavana Andrew alimwandikia Lincoln kwa uchungu kwamba serikali iliyokosa sheria ya kumlipa mtu huyu kama askari ilipata sheria ya kutosha ya kumwua kama askari.

Tofauti ya Walker na 54 ni nini? Kwa ushujaa walilingana. Watu wa 54 walikuwa na gavana wa kuwasemea, walikuwa na magazeti yaliyochapisha barua zao, na walikuwa na maofisa waliounga mkono msimamo wao. Walker hakuwa na hayo. Nao 54 walichagua kugomea fedha bila kugomea kazi, na hilo liliwanyima wapinzani wao kisingizio. Ilikuwa njia ngumu mno, na iliwezekana kwa sababu walikuwa na watu nyuma yao. Anayewasifu bila kumtaja Walker hajamaliza hesabu.

Tarehe 15 Juni 1864 Bunge likapitisha sheria ya mshahara sawa. Ufa ule sasa ukaonekana. Malimbikizo yote tangu kujiandikisha yangelipwa kwa askari waliokuwa watu huru tarehe 19 Aprili 1861. Aliyekuwa mtumwa siku hiyo angesubiri. Ndani ya kikosi kimoja, kwenye mstari mmoja, mtu angelipwa na jirani yake asilipwe, na tofauti yao ingekuwa kwamba mmoja aliwahi kuibiwa maisha na mwingine hakuwahi.

Kanali Edward Hallowell, aliyechukua nafasi ya Shaw, alitoka familia ya Kikweka, watu wa dini wanaopima sana neno la kiapo. Akatunga kiapo cha kuwaapisha askari wake. Hakikuuliza kama mtu alikuwa huru. Kilimtaka aape kwamba, tarehe 19 Aprili 1861 au kabla yake, hakuwa na deni la kazi isiyolipwa kwa mtu yeyote. Nani mwenye akili timamu anadaiwa kazi ya bure na binadamu mwenzake? Sheria za Kusini zilisema mtumwa anadaiwa. Askari wa 54 waliinua mikono, waliozaliwa huru na waliotoroka minyororo, wakaapa kwamba hawakuwahi kudaiwa. Hakuna aliyesema uongo. Ufa ambao Gooding aliuacha wazi, wenzake waliuziba kwa kusimama pamoja katika sentensi moja.

Fedha zilifika mwishoni mwa Septemba 1864. Zilihitajika dola 170,000 kuwalipa watu wa kikosi hiki. Kambi ililipuka kwa nyimbo, na sehemu kubwa ya fedha ikatumwa nyumbani mara moja. Askari wa vikosi vingine waliotoka utumwani walisubiri hadi sheria ya tarehe 3 Machi 1865.

Yaliyobaki ya vita vyao ni mengi, ila hayakubadilisha jambo hili: Honey Hill mwezi Novemba, kuingia Charleston Februari 1865, na mapigano ya Boykin's Mill tarehe 18 Aprili, siku tisa baada ya Jenerali Lee, kamanda mkubwa wa Kusini, kusalimu amri. Mapambano ya cheo yaliendelea kwa mtindo uleule wa mshahara. Stephen Swails, sajini aliyejeruhiwa Olustee, aliteuliwa na Gavana Andrew kuwa luteni Machi 1864. Wizara ikagoma kumtambua kwa sababu ya asili yake ya Kiafrika, na ikamzungusha hadi Januari 1865. Baadaye alikuwa seneta katika jimbo lilelile la South Carolina alikopigana, mpaka vitisho vya Wazungu vilipomfukuza mwishoni mwa miaka ya 1870. Carney naye alikabidhiwa Nishani ya Heshima mwaka 1900, miaka 37 baada ya usiku wa bendera. Mnara wa shaba wa Boston ulizinduliwa mwaka 1897 ukiwa na jina la Shaw na ya maofisa wenzake waliokufa. Majina ya askari weusi waliofia Wagner yaliongezwa nyuma yake katika miaka ya 1980.

Koplo Gooding hakuwa kambini siku ya malipo. Alijeruhiwa na kutekwa Olustee, akapelekwa gereza la Andersonville huko Georgia, mahali ambapo maelfu ya mateka walikufa kwa njaa na kuhara. Alifariki tarehe 19 Julai 1864. Sheria iliyojibu swali lake ilikuwa na umri wa mwezi mmoja na siku nne.